Jina la Mihambo Kule Hatta

Lori la kwanza kuliona maishani mwangu lilikuja kubomoa nyumba yetu. Ilikuwa miaka ya sabini, upande wa Sikonge, wakati serikali ilipotaka watu wakae kwenye vijiji vya pamoja. Mgambo walikuja asubuhi, wakaezua paa, wakapakia nguzo, magunia, kuku, na bibi mmoja jirani yetu aliyekataa kushuka kitandani, wakampakia na kitanda chake. Mama alilia. Baba alikuwa anazunguka lori akikagua mafundo ya kamba kana kwamba kamba ndizo zenye makosa. Mimi, sitaki kudanganya, nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nilikaa juu kabisa ya mizigo nikanusa dizeli, na tangu siku ile sijanusa kitu kizuri kuliko dizeli, isipokuwa labda samli inapoyeyuka.

Shule ilibaki tulikotoka. Mwalimu alipelekwa kwingine, na huko tulikopelekwa walisema shule inakuja. Ilikuja nimeshaota ndevu. Kwa hiyo elimu yangu iliishia darasa la nne, na mwandiko huu umenyooshwa na binti yangu, ila maneno ni yangu. Aliwahi kunibadilishia neno moja akidhani sitagundua. Nikamwambia lirudishe.

Basi, kwa sababu ya lori lile nikawa utingo wa magari ya tumbaku Urambo. Utingo ndiye anayelala chini ya gari, anayeamshwa wa kwanza, anayelaumiwa pancha. Kutoka utingo nikawa dereva, kutoka Urambo nikafika Dar, na Dar nikakutana na Mzanzibari mmoja ambaye ndugu zake wako Dubai tangu wazee wao. Akaniangalia namna ninavyorudisha lori nyuma kwenye kichochoro cha Ilala, akasema, "Wewe huku unapoteza wakati." Ndivyo nilivyokwenda Dubai, nikiwa mtu mzima mwenye mvi tayari.

Nimeeleza haya kwa sababu ninyi madereva vijana wa pale Garhoud, Dubai, mmeniomba niandike habari za kazi yangu. Wengine mmeniomba kwa heshima. Wengine mnataka tu kujua kama ni kweli mzee Yakobo alifukuzwa. Nawajibu mapema ili msome kwa raha: sikufukuzwa. Hakuna mtu aliyenifukuza. Atakayewaambia vinginevyo mwambieni aje Tabora aniambie mimi.

Siku zangu za kwanza zilikuwa za aibu. Nilikuwa nimeendesha malori kwenye matope ambayo yangemeza ng'ombe, lakini leseni ya Dubai ilinikataa mpaka mkaguzi akanijua kwa jina. Nikiingia anacheka, nikitoka anasema khalas, imekwisha, rudi mwezi ujao. Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa natoa kichwa dirishani kutazama nyuma. Kwetu ukitazama kioo peke yake utamkanyaga mbuzi. Kule ukitoa kichwa wanasema huna adabu ya barabara. Hata nilipopata leseni, shingo yangu iliendelea kutaka kutoka.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Gul, Mpatani kutoka milima ya huko kwao Pakistani, mtu mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya kugombana hata anapokusalimu. Tulizungumza Kiarabu kibovu kilichochanganywa na kila kitu. Gul alinifundisha kwamba abiria wa kitalii si mzigo wa tumbaku, huwezi kumfunga kamba ukasahau. Wakati wa joto fungua milango yote ya basi kabla hajakaribia, na kile chuma cha mkanda kimwagie maji, la sivyo kitamuunguza na safari imeharibika kabla haijaanza. Weka taulo lenye maji kwenye boksi la barafu, si kwa ajili ya abiria, kwa ajili ya shingo yako. Na ukienda kwenye mabonde ya milimani usitazame mawingu ya juu yako. Tazama ya kule mlimani, kwa maana maji yanatoka huko na yanakuja bila honi.

"Na mteja akikuuliza kama umechoka?" nilimuuliza siku moja.

"Mwambie hapana."

"Na kama nimechoka?"

"Yalla, Yakub, nani amekuuliza wewe? Ameuliza dereva."

Nilicheka sana siku hiyo. Sasa sichekeshwi nayo kama zamani.

Kampuni yetu ilikuwa na mabasi madogo kumi na kidogo, ya kubeba watalii wa hoteli, wafanyakazi wa ndege, na familia za wageni zilizokodi gari kwa siku zao za kutoka. Katika hizo familia ilikuwako moja ya Wamarekani iliyonichagua mimi. Sir alikuwa mhandisi, mrefu, mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. Madam alikuwa mchangamfu. Watoto walikuwa wengi kiasi cha kujaza basi bila kusaidiwa. Walikuwa Wamormoni. Mimi nilikuwa silijui hilo jina. Nilijua tu kwamba ibada yao ni Ijumaa, siku ambayo ofisi zilikuwa zinafungwa kule, na kwamba walivaa vizuri kwenda.

Nilijua zaidi kwa kosa. Mteja mpya nilikuwa namkaribisha kwa chai ya karak. Mnajua namna yake: unasimama mbele ya kafeteria, unapiga honi, kijana anakuletea dirishani. Nikawanunulia wote, na watoto wao, chai nzito yenye iliki, nikagawa kama baba wa harusi. Wote wakashika vikombe wakavitazama.

"Jacob," sir akasema taratibu, "sisi hatunywi chai."

"Nani hanywi?"

"Sote."

"Hata kahawa?"

"Hata kahawa."

"Hata mkiumwa?"

Watoto walicheka mpaka basi likatikisika. Nilikunywa karak ile yote peke yangu ili isiharibike na nilikuwa macho mpaka alfajiri. Lakini tangu siku hiyo tulikuwa watu wa kutaniana, na kila wakipiga simu ofisini walisema, mtupe Jacob asiye na chai.

Kila majira ya joto walikuwa wanakwenda kwao Amerika, na kila wakirudi madam alinionyesha picha kwenye simu. Watu wengine wakirudi safari wanakuonyesha majengo na vyakula. Huyu alinionyesha kilima. Mto usio na daraja. Rundo la mawe. Nyasi kavu mpaka mwisho wa macho, na familia yote imesimama katikati ya nyasi inatabasamu.

"Sasa madam, hapa mlikwenda kuona nini?"

"Hapa walipita wazee wetu," akasema. Akanieleza kwamba watu wa dini yao zamani walifukuzwa walikokuwa wakikaa, wakatembea nchi nzima kwa miguu kutafuta mahali pa kukaa, na maskini wao ambao hawakuwa na ng'ombe walikokota mali zao kwa mikokoteni, wanawake na watoto, wengine wakazikwa njiani kwenye theluji. Sasa wajukuu wao wanarudi kupazuru, mahali hadi mahali, wakisimuliana nani alikufa wapi. Wengine wanatengeneza hata mikokoteni na kuivuta tena siku mbili tatu, na kila mmoja anabandika kifuani jina la mzee wake mmoja aliyetembea, ili siku hiyo atembee kwa niaba yake.

Nilisikiliza kwa adabu. Moyoni nilisema, watu hawa wana basi langu lenye baridi, wanatafuta nini kwenye mkokoteni?

Mwaka wa mwisho wa kazi yangu mama yake madam alikuja kuwatembelea. Nilimwita Bibi na alilipenda jina. Alikuwa mwembamba, magoti mabovu, ulimi mzima. Mwaka ule familia haikuweza kwenda kwao kwa sababu ya kazi za sir, na Bibi alisema hatakubali wajukuu wake wakose. Wakapanga kufanyia Hatta, kule milimani nje ya mji, wakati wa baridi: watazame ile minara ya zamani na nyumba za mawe, kisha washuke bondeni na mkokoteni. Seremala wa Al Quoz, mtaa wa karakana, aliwatengenezea mkokoteni wenye magurudumu ya mbao kama ya zamani, na nilikwenda kuuchukua na Bibi amekaa mbele pamoja nami.

Njiani alikuwa na kikapu chenye vipande vya kitambaa cheupe, anadarizi majina kwa uzi mwekundu. Alisema, "Jacob, jina hili ni la dada wa bibi yangu. Alikufa njiani akiwa mtoto. Hana kizazi. Sijapata wa kulivaa. Utanivalia?"

Ilikuwa heshima kubwa, nilijua. Lakini mdomo ukasema kabla yangu.

"Hapana, Bibi. Siwezi kumbeba wako wakati wangu hana wa kumbeba."

Akaacha sindano. "Wako nani?"

Sijawahi kumwambia mteja habari za kwetu. Gul asingekubali. Lakini barabara ilikuwa ndefu, na yule mama alikuwa ameniuliza mimi, si dereva. Nikamweleza kwamba babu yangu mzaa baba, Mihambo, alikuwa mpagazi kabla reli haijafika Tabora. Walitoka kwetu na mizigo ya watu begani, wakatembea mpaka Bagamoyo, wakarudi na mizigo mingine. Baba alisema bega la babu lilikuwa na sugu kubwa kama nusu limau, na kwenye harusi watoto walipangwa mstari waliguse. Safari moja alikwenda na mdogo wake. Mdogo wake akaugua, akafia njiani huko Ugogo, wakamfunika kwa mawe kwa sababu msafara haungoji. Baada ya hapo kila Mihambo akipita pale aliongeza jiwe. Siku moja reli ikafika, misafara ikaisha, na hakupita tena.

"Huyo mdogo wake aliitwa nani?" Bibi akauliza.

"Baba hakulijua. Babu alikuwa halitaji. Limepotea."

Hakusema pole. Namshukuru mpaka leo kwa hilo. Akasema, "Wazee wangu walikuwa wanakwenda kwao."

"Wangu alikuwa anapeleka mali ya watu, Bibi. Akifika nyumbani, mikono mitupu na wimbo."

"Lakini alitembea."

"Ah, alitembea!"

Akachukua kitambaa kipya. "Herufi moja moja," akasema. "Nisikosee."

Sasa mjue hali yangu ilikuwaje. Nilikuwa nafika umri ambao kule wanakwambia asante, nenda nyumbani. Meneja alikuwa ameahidi kuniombea kibali maalumu nikae tena, niwe mwalimu wa madereva wapya. Niliitaka kazi ile, nasema wazi. Nilikuwa nimeshaanza kujipangia masomo kichwani: milango, mkanda, taulo, mawingu. Karatasi zilikuwa mezani kwake zikingoja sahihi tu. Na kampuni ilikuwa na sheria mbili ambazo ninyi mnazijua: dereva haachi gari lake, na kwenye shati la kampuni hakivaliwi kitu isipokuwa beji. Niliomba ruhusa siku moja tu nitembee na wateja. Meneja alisema hapana. Nikaomba tena kupitia madam mwenyewe, akapiga simu. Meneja akamjibu kwa upole mwingi, kisha akanijibu mimi bila upole, kwamba nikianza mimi, kila dereva ataogelea na wateja wake baharini.

Asubuhi tuliyokwenda Hatta alimtuma Mutua na basi la pili, eti kusaidia. Mutua ni kijana wa Machakos, mkuu wa zamu, mtu wa mzaha na si mbaya. Tulikuwa tunagawana ugali wake wikendi. Nilijua ametumwa kunitazama, naye alijua najua.

Tulizunguka minara na nyumba za mawe. Watoto walipanda, wakashuka, wakaambiwa wasipande. Halafu tukashuka bondeni, hewa imetulia, milima imekaa pande zote mbili kama watu wazima kikaoni. Sir na watoto wakubwa wakashusha mkokoteni. Bibi akagawa vitambaa, kila mmoja akabandikiwa chake kwa pini kifuani, akasema kwa sauti jina analolibeba. Alipofika mwisho wa mstari Bibi akaja kwangu nilipokuwa nimesimama kando ya basi. Alitembea taratibu kwa yale magoti, hakutaka kushikwa. Akanibandika juu ya beji ya kampuni.

"Sema," akaniambia.

Nikasema, "Mihambo." Nikasema kwa sauti ya kawaida, lakini bonde lile lina mwangwi, na nililisikia likirudi kutoka upande wa pili. Sijui kama baba alishawahi kulisikia jina la baba yake likisemwa na mlima.

Mutua alinijia anatabasamu.

"Mzee, umependeza. Sasa hiyo kitu utatoa ama?"

"Sitoi."

"Aki mzee, usinifanyie hivi. Meneja ako kwa simu saa hii. Ameshaona picha."

"Nani amempelekea picha?"

Akatazama viatu vyake. "Si ni kazi, buda."

Akanipa simu. Meneja hakupiga kelele. Alisema, "Yakobo, toa hicho kitambaa, simama karibu na gari lako, na Jumapili njoo ofisini nisaini karatasi zako. Khalas."

"Nimesimama karibu na gari lako miaka yote, bwana. Gari lenyewe limenichoka."

"Unataka kazi ama hutaki?"

"Naitaka."

"Basi toa. Au mpe Mutua funguo."

Mutua akaziba simu kwa mkono ili meneja asisikie, akaninong'oneza, "Mzee, weka kwa mfuko tu. Ukifika huko mbele uvae. Nani ataona? Mimi sijaona kitu, wallahi."

Alikuwa anataka kunisaidia. Nilimwangalia kwa huruma kweli. "Mutua, mwanangu, jina la mdogo wake liliwekwa mfukoni. Ndiyo maana hatulijui."

"Mdogo wa nani sasa?"

Sir naye alikuwa amekaribia, uso ameukunja. "Jacob, mimi sitaki upoteze kazi kwa ajili yetu. Tunaweza kukubebea hilo jina. Mwanangu mkubwa atalivaa, atavuta vizuri."

"Asante sir. Si kwa ajili yenu."

Nadhani alielewa, kwa sababu alirudi kwenye mkokoteni. Madam alikuwa anafuta macho, na Bibi hakufuta kitu. Bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe anatazama saa yake kama mtu anayengoja basi lililochelewa, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Tutatembea leo au kesho?"

Nikamrudia meneja kwenye simu. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilifika Dubai nikiwa na mkoba mmoja na nimewapeleka watu wake kila mahali walipotaka kwenda, nikangoja nje, nikala nje, nikasinzia nje, na kwamba katika miaka yote sijawahi kuingia mahali popote nilipowapeleka watu isipokuwa niitwe kubeba kiti cha mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba babu yangu naye alibeba mali ya watu mpaka mlangoni akarudishwa. Lakini yeye hakuuliza. Kwa hiyo nikasema tu, "Funguo anazo Mutua," halafu nikampa Mutua simu yake, na funguo juu yake.

"Mzee," Mutua akasema, sasa hatabasamu, "ukienda hivi hawatakuchukua tena. Unajua hiyo, sindio?"

"Mafuta yapo nusu," nikamwambia. "Na mlango wa nyuma unakwama, uvute juu kidogo kabla hujaufunga."

Nilishika mpini wa mbele wa mkokoteni, upande wa kulia, na mtoto mkubwa wa sir akashika wa kushoto. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na seremala alikuwa hajaupaka grisi, ukalia kama nguruwe. Bibi aliinuka akashika ubao wa nyuma kwa mkono mmoja, akakataa kupandishwa. Watoto wakasukuma. Changarawe ilikuwa inateleza chini ya viatu vya kampuni, ambavyo havikushonwa kwa kazi hiyo, na bega langu la kulia lilianza kuuma mapema, nikaliacha liume. Nyuma Mutua alipiga honi mara moja, fupi. Sikujua kama ananiita au ananiaga, na sikugeuka kumtazama. Bonde lilikata kona, tukakata nalo. Ofisini nilikuwa na kabati lenye taulo na shati la kubadilisha. Aliyevitaka alivichukua, kwa sababu mimi sikurudi.